Mtumbwi Mdogo, Bandari Zote

Watu wa Butembo tunapenda vitu vikubwa. Mtu akijenga duka, anaweka orofa hata kama chini hakuna cha kuuza. Kwa hiyo niliposema kwamba nitazunguka Ziwa Edward kwa mtumbwi mdogo wa injini, kaka yangu mkubwa aliniangalia kama mtu aliyeingia misani pekupeku.

Kaka ndiye mkubwa wa familia tangu baba yetu afariki. Anauza mabati na misumari, na vikao vyote vya familia tunavifanyia sebuleni kwake. Siku ile tulikuwa tunapanga ndoa ya binti yangu, mwalimu huko Beu, upande wa Beni, ambaye alikuwa amepata mchumba huko huko. Mambo ya mbuzi yalikwisha, ya vinywaji yalikwisha, sare za wanawake zilikwishachaguliwa. Ndipo nikasema kuna mtu mmoja hajaalikwa, na bila yeye mimi kanisani siendi.

Wote walijua ninamsema nani. Binti huyu alipokuwa bado wa kubebwa mgongoni, vita ilitufukuza. Tuliteremka milima pamoja na wengine mpaka ziwani, tukajificha kwenye bandari moja ya wavuvi. Njaa na woga vilinikausha, maziwa yakakatika. Mama mmoja wa pale alinipokonya mtoto mikononi, hakuuliza, akamweka kwenye titi lake. Akafanya hivyo asubuhi na jioni mpaka tulipohamishwa. Jina lake sikulijua. Hata bandari yenyewe sikujua inaitwaje. Nilikumbuka tu matete marefu na njia nyembamba ya maji katikati yake.

“Sasa utamutafuta wapi?” kaka akauliza. “Tupitishe komunike kwa redio. Atasikia.”

“Komunike itasema nini, yaya?” nikamuuliza, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya. “Anatafutwa mama mwenye maziwa?”

“Basi panda ile boti kubwa. Iko na paa, iko na viti. Mutumbwi ni ya bavuvi. Bakwe ba Beni batasema nini?”

“Baseme.”

Akaleta habari za mawimbi, za viboko, za watu wenye bunduki. Nilimjibu kwamba wenye bunduki nimewakimbia tangu utoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimepanda nini.

Ile boti kubwa naijua vizuri. Niliipanda miaka mingi nilipokuwa nikichuuza samaki wa chumvi. Inatoka Kyavinyonge, inashika katikati ya ziwa, inasimama tu penye maji marefu na watu wa kodi. Bandari nyingine unaziona kwa mbali, moshi kidogo na mabati mawili matatu, halafu zimepita. Ukimuuliza aliyekaa pembeni yako pale ni wapi, anakwambia pale si mahali. Neno hilo lilikuwa linaniudhi tangu zamani, kwa sababu mimi niliwahi kuokolewa mahali ambapo si mahali.

Basi tukateremka Kyavinyonge kwa pikipiki, mimi na binti yangu, wiki ya mwisho ya likizo yake. Tulikodi mtumbwi wa bwana mmoja mnene aliyependa kuongea kuliko kuendesha. Tukafuata ukingo wa magharibi.

Nataka niseme wazi, maana wengi wananicheka mpaka leo: mtumbwi mdogo unashinda boti kubwa. Hauhitaji gati. Unapanda mchangani kabisa, watoto wanaushika, na kabla hujakanyaga chini wanawake wanaopaa samaki wameshakuuliza umetoka wapi na umezaa wangapi. Unashuka ukiwa sawa na wao, miguu imelowa kama yao. Hakuna anayekuja kukuuzia kitu kwa haraka eti boti inaondoka. Kwenye bandari ya Kisaka hatukuruhusiwa kuondoka bila kula bugali. Huko Lunyasenge mama mmoja alimsuka binti yangu nusu ya kichwa huku tukiongea, akakasirika tulipotaka kwenda kabla hajamaliza, na tukamngoja amalize.

Lakini yule mama hakuwepo. Na kila nilipoeleza habari yangu, wanawake walicheka, si kwa ubaya.

“Mama, hapa kila mutu alinyonyesha batoto ba bakimbizi,” mmoja akaniambia. “Hata mimi. Utachukua gani?”

Nilichoka. Siku za kabla ya ndoa zilikuwa zinakwisha, mafuta ya injini pia. Binti yangu akanishika mkono.

“Mama, tushukuru hawa. Ni sawa. Wote ni yeye.”

“Si sawa,” nikamwambia, tena kwa ukali. “Wewe hukunyonya kwa wote. Ulinyonya kwa mmoja.” Sikumwomba msamaha, kwa sababu nilikuwa nasema kweli.

Tulikuwa tumeshageuza kurudi, tukipita karibu sana na matete, boti kubwa ilipotokea mbali huko katikati. Abiria wakatupungia mikono chini ya paa lao. Niliwapa mgongo, na ndipo nilipoona upenyo. Si mkubwa, ni mahali tu ambapo matete yameachana.

“Mule kuna nini?”

“Kuna banyumba kidogo,” akasema mwenye mtumbwi. “Banachoma samaki. Lakini hakuna kitu mule, mama.”

“Ingia.”

Akainua injini, akachukua mti mrefu, akaanza kusukuma. Kiboko alikoroma karibu yetu, na kwa mara ya kwanza tangu Kyavinyonge bwana yule akafunga mdomo. Matete yakatupapasa mabega pande zote mbili. Boti aliyoitaka kaka yangu isingepitisha hapo hata pua.

Kulikuwa na nyumba chache za udongo na vichanja vya kukaushia samaki. Mama mmoja aliyeanza kuota mvi alikuwa anageuza samaki juu ya moshi. Nilimjua kwa mabega. Yeye aliniangalia kama anavyoangalia mteja.

Nikamweleza. Alisikiliza, akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga, akanipita, akaenda moja kwa moja kwa binti yangu. Akamshika kidevu.

“Fungua kinywa.”

Binti yangu, mwalimu mzima, akafungua.

“Ni yeye,” akasema akicheka. “Alikuwa na meno mbili, na alikuwa ananiuma! Wewe, mama, sikukumbuki. Bakimbizi balikuwa bengi. Lakini huyu, ndiyo.”

Nilifurahi na nilimwonea wivu, vyote pamoja. Nikatoa sare niliyomshoneshea kwa kukisia kipimo, nikamwambia ndoa ni Jumamosi. Akaiweka kifuani. Binti yangu akamuuliza mwenzake aliyenyonya naye yuko wapi, amsalimie.

“Hakukuwa na mwingine,” yule mama akasema. “Wangu tulikuwa tumemuzika. Siku kidogo zikapita, mukafika. Maziwa ilikuwa inaniumiza, na wewe ulikuwa unalia.”

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza maziwa yale yalitoka wapi. Nilikaa chini mchangani. Yeye akarudi kugeuza samaki wake, kwa sababu walikuwa wanaungua, kisha akaenda kufunga nguo zake, tukaondoka naye.

Jumamosi, mbele ya kanisa, Butembo nzima imevaa, kijana wa protokole, mwenye kupanga watu, akasoma kwenye karatasi yake: mama wa bibi arusi asogee, amshike mkono, amwingize. Nikamshika binti yangu mkono wa kulia. Yule mama nikamweka upande wa kushoto, na moshi wa samaki ulikuwa bado unanukia kwenye nywele zake. Kaka akaja mbio, akaniinamia sikioni.

“Mama ni moja tu kwa programu. Bakwe ba Beni bako banaangalia. Nitabaambia huyu ni nani?”

“Waambie alitoka kuzika wake,” nikasema, wala sikunong'ona, “akamnyonyesha wangu.”

Wakwe wa Beni walisikia. Binti yangu akatukaza mikono sote wawili, tukaingia.