Nta na Mawese

Mama mkwe wangu alikuwa amekataza mshumaa mweupe nyumbani mwake. Miaka ile ya vita umeme wa Bujumbura ulikatika ovyo, na mishumaa tulitengeneza wenyewe: tuliokota vipande vilivyobaki kanisani, tukaviyeyusha, tukamimina nta katika vipande vya bomba vyenye utambi katikati. Lakini kila mshumaa lazima utiwe rangi. Mtaani kwetu mweupe ndio uliowashwa kichwani pa maiti, na mume wangu, mwanawe wa pekee, hakuwa maiti. Alikuwa hajarudi tu. Asubuhi moja alikwenda kazini, kupakua magunia kwenye ghala karibu na bandari, risasi zikalia upande ule, barabara ikafungwa, basi.

Mimi nilikuwa najua. Mwaka wa kwanza nilingoja, wa pili nikachoka. Nilitaka tukae matanga, watu waje, nilie hadi sauti ikauke, kisha siku yake ifike ya kuganduka, kumaliza msiba, nihesabiwe pamoja na wajane wenzangu. Sikuwa mke, sikuwa mjane. Nikigusia tu, mama mkwe anang'aka: "We unamuzika mutoto wangu angali muzima? Apana! Katika nyumba hii, apana!" Jamani, nilimchukia mwanamke yule. Nilimchukia, na kila jioni nilimpashia maji ya kuoga.

Rangi yenyewe ilitutoa jasho. Mwanzoni alikuja na poda ya kuchovyea ukindu, aliyoiomba kwa jirani yetu Mwislamu, msusi wa mikeka. Tukaikoroga katika maji kama msusi alivyokuwa akifanya, tukaimimina kwenye nta ya moto. Mungu wangu! Sufuria ilitema, nta ikanirukia mkononi, na rangi yote ikazama chini kama tope. Jirani alisikia mayowe yangu, akaja mbio, na alipoona tulichofanya akacheka mpaka akajishikiza mlangoni.

"Nta ni mafuta, mama. Maji na mafuta vilipatana lini? Tieni mawese, wallahi."

Kweli bwana. Kijiko cha mawese kiliigeuza nta ikawa rangi ya papai bivu. Ukizidisha, mshumaa unalegea na kuinama mezani. Na ukiuwasha, nyumba nzima inanuka kama mtu anakaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, na sisi ndagala wenyewe hatuna! Mama mkwe aliniambia nikae karibu na mwanga nishibe. Tulicheka wote wawili siku ile, tukaoneana haya, kila mmoja akarudi kazini kwake.

Kisha mchana mmoja akaja mwanamume aliyekuwa akipakua magunia pamoja na mume wangu. Alikuwa amekimbilia Kongo, ndiyo kwanza amerudi. Mimi nilikuwa jikoni uani, nta iko motoni, na kila neno nililisikia. Mama mkwe alimpa kiti, akampa maji, hakumwuliza kitu. Mgeni akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba alimwona mume wangu akianguka, na kwamba yeye na wenzake walimzika nyuma ya ghala kwa mikono yao. Alilitaja shati lake. Alikitaja kiraka cha begani, kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Kiraka kile nilikishona mimi, na uzi mweupe ulikuwa umeniishia.

Mama mkwe hakulia. Alimsindikiza mgeni hadi barabarani, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Aliporudi alisimama mlangoni mwa jiko. Nilikuwa nimeshika kijiko cha mawese juu ya sufuria, nisijue nimekishika tangu saa ngapi.

"Acha, mwanangu," akasema. "Leo usitie kitu. Tumulilie."

Hilo ndilo neno nililoligombania miaka yote ile. Nilimtazama, nikaona alivyozeeka kati ya barabara na mlango. Alikuwa amenyoosha mkono akipokee kijiko. Nta ilikuwa imetulia, nyeupe, tayari kumiminwa, na mimi roho ilikuwa inanikataa kabisa.

"Mama," nikamwambia, "mashati ya viraka ni mengi mjini hapa."

Nikamimina kijiko chote.