Mashini Iliyoitwa Maiti

Matanga ya mume wangu yalipokwisha, shemeji zangu walikwenda moja kwa moja kwenye ateliye, karakana ya marehemu, sufuria za msiba zikiwa bado na ukoko. Mume wangu alikuwa seremala hapa mjini Baraka, na wao husema vyombo vya mwanaume hurudi kwa ukoo wake. Wakachukua randa, wakachukua drili, wakachukua hata baiskeli. Mimi nilikaa mlangoni nikilinda kwa macho kitu kimoja tu: msumeno wa umeme wa kushika mkononi, ule wenye diski ya meno, ambao sisi tuliuita mashini. Bila mashini hakuna ateliye, na bila ateliye mimi na wanangu watatu tungekwenda kulima mashamba ya watu kwa ujira wa mihogo.

Shemeji mkubwa, anayekaa Kazimia, akaweka ubao juu ya stuli mbili, moja ncha hii, moja ncha ile, akawasha. Diski ikaingia mpaka katikati ya ubao, mashini ikaguna, ikasimama. Akarudia. Ikasimama tena, safari hii na harufu ya kuungua.

"Hii iko maiti," akasema. "Tumuachie mujane acheze nayo."

Wakacheka, wakaondoka. Nilifurahi, siku ile ile ya matanga, na sikuona haya.

Lakini maiti haikati mbao. Kanisa la wakimbizi Warundi lilikuwa limemwagiza marehemu benchi sita, na mbao zao zilikuwa zimeegemea ukutani. Nikaanza kuuguza mashini. Nilidhani meno yamekuwa butu, nikayanoa kwa tupa, jino kwa jino, mpaka vidole vikatoka damu. Ikasimama. Nikamwita fundi wa redio, mtu wa maneno mengi, akabadilisha vile vipande vya makaa vinavyogusa mota, akaapa kwa mama yake kwamba imepona. Ikasimama na yeye hajamaliza chai yangu. Nikashika ralonji, ule waya unaoleta umeme kutoka kwenye jenereta ya jirani, nikakuta inachoma mkono. Ilikuwa nyembamba na ndefu, nusu ya nguvu inaishia njiani. Nikatoa kitenge changu cha harusi, nikapata waya mnene. Mlio ukawa mzuri, wa nguvu, kama zamani. Diski ikafika katikati ya ubao, ikasimama.

Siku hiyo nilitukana. Nilimtukana mume wangu kwa jina lake kamili: kwa nini alikufa na akili yake yote, asiniachie hata neno moja? Nikakaa juu ya vumbi la mbao, nikalia mpaka nikachoka. Halafu nikajiuliza: tulipokuwa wawili humu ndani, mimi nilikuwa nasimama wapi?

Nilikuwa nasimama kuume kwake. Miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kupokea kipande kinachokatwa. Nilikishika kwa chini, na kadiri diski ilivyoendelea nilikiachia kishuke kidogo kidogo. Hakuna aliyenifundisha, nilifanya tu, huku nikiwaza mboga ya jioni. Alipokufa, nikaweka stuli mahali pangu, na stuli haishuki. Ubao ulioshikwa ncha zote mbili hubonyea katikati, mpasuo unajifunga, unaing'ata diski. Mashini haikuwa na ugonjwa mkubwa. Kilichokosekana ni mikono yangu.

Nikahamisha stuli zote mbili chini ya kipande kinachobaki, kile cha kushoto ambacho mashini hukilalia, maana kikianguka chenyewe mashini inainama nacho na diski inanaswa, nikakiacha cha kuume kining'inie. Diski ikapita moja kwa moja, kipande kikaanguka chini, pu! Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kufikia mchana nilikuwa nimekata mbao za benchi mbili.

Ningekuwa na akili ningefunga mlango. Mlio wa mashini unafika barabarani, na shemeji yule wa Kazimia alikuwa amekuja Baraka kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nikainua macho, namwona huyo amesimama mlangoni.

"Shemeki, maiti imefufuka?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningeweza kusema nimeazima ya mtu. Lakini huyu alinicheka mbele ya wenzake, nami nilitaka aone mjane ni nani. Nikamweleza yote: meno, makaa, ralonji, stuli. Nikakata ubao mbele yake, nikampa na yeye akate. Akakata vizuri. Akazima, akachomoa waya, akauzungusha mkononi polepole.

"Umefanya kazi, mama," akasema. "Lakini hii iko mali ya ukoo. Ile siku tuliiacha sababu ilikuwa imekufa."

"Na batoto ba ndugu yako batakula nini?"

"Mungu iko."

Nikashika mpini. Tukavutana pale kama watoto wanaogombea mpira, mimi nikipiga kelele. Majirani wakatoka, wakatazama. Mwenye jenereta akasema mambo ya ukoo hayaingiliwi, akarudi ndani. Nikaachia. Niliachia kwa sababu nguvu ziliniishia, wala sikukubali, na mpaka leo sijakubali. Namchukia mtu yule, na kanisani nikiambiwa nisamehe, natazama pembeni.

Akaifunga mashini nyuma ya pikipiki kwa mpira, pamoja na waya wangu mnene. Dereva alikuwa ameshawasha, shemeji akageuka.

"Shemeki, kipande yenye inaanguka ni ya kushoto, eh?"

Ningeitikia tu, mashini ingemsimamia kule kule Kazimia, na kitu kilichokufa angeweza kumrudishia mjane. Nililijua hilo kabla hajamaliza kuuliza. Mbao za Warundi zilikuwa nyuma yangu, benchi nne bado, lakini sikuweza kuvumilia kusikia kazi yangu ikisemwa vibaya.

"Hapana," nikasema. "Ya kuume."