Kinyozi Kizimbani

Kinyozi alisoma sheria miaka minne bila kukanyaga chuo. Aliyekwenda darasani ni binti yake. Jioni binti alirudi na somo, na baba, nywele za wateja zikiwa bado begani, akapewa sehemu ya kuigiza. Mama mtu alifariki binti akiwa mdogo, wakabaki wawili, chanda na pete. Kinyozi aliogopa jambo moja tu duniani, kumpoteza na huyu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa mikataba. Kinyozi akawa mwuza ng'ombe mjanja, akabishania ng'ombe asiyekuwepo mpaka chakula kikapoa. Ndipo alipoanza kumwita binti yake Wakili. Na ole wako ukikaa kwenye kiti chake siku hizo, maana ulinyolewa na kuhubiriwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Mwaka wa pili yakaja makosa ya jinai. Akaigiza mwizi wa kuku, akakana hata manyoya yaliyomganda shatini, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Halafu, kama mtu anayeulizia habari za jirani, akataka kujua kama mtu aliyekaa tu, asifanye kitu, naye ana kosa. Wakili akamjibu kutoka kitabuni kwamba mpita njia hana, lakini mume kwa mkewe mgonjwa ana wajibu. Kinyozi akaitikia "aa", akaenda kufua taulo za kazini alizokwisha kuzifua.

Mwaka wa tatu ulikuwa wa ardhi na mirathi. Humo aliigiza marehemu, na hakukosea neno hata moja.

Mwaka wa nne wakafika kwenye ushahidi. Mhadhiri aliwaonya wasimwulize shahidi swali wasilojua jibu lake. Wakili alitakiwa afanye mazoezi ya kumhoji ndugu wa mgonjwa aliyecheleweshwa kupelekwa hospitali, na kisa gani alikijua kuliko cha mama yake? Tangu utotoni aliambiwa kwamba mama alizidiwa ghafla usiku, gari likakosekana. Basi Jumapili mchana akaweka stuli katikati ya sebule, akamkalisha baba, akamwapisha kwa mzaha.

Akauliza gari lilitafutwa wapi. Kwa jirani dereva, kinyozi akajibu. Jirani alisemaje?

Kinyozi akatazama mikono yake. Angeweza kudanganya, kwani miaka yote hiyo alikuwa akifanya nini? Lakini jamani, uongo nao huchosha, na yeye alikuwa amechoka.

"Sikwenda kwa jirani," akasema. "Mama yako aliniamsha mara mbili. Nilikuwa nimechoka na kazi. Nikamwambia tulale, tutakwenda kukipambazuka."

Wakili aliyajua maswali yote yanayofuata, moja baada ya jingine, kama walivyofundishwa. Hakuuliza hata moja.

"Kwa hiyo alikufa wewe umelala."

"Ndiyo, mwanangu."

Hakuthubutu kumwita Wakili. Moyo wake ulikuwa umepasuka, na wa binti pia, na hapakuwa na wa kumshika mwenzake.

Shahidi akimaliza huambiwa ashuke. Ndivyo binti alivyomzoesha, na kila mara alilisema neno hilo akicheka, akimpa mkono ainuke. Leo alikusanya madaftari yake, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Kinyozi akabaki pale juu ya stuli, mgongo wima, akingoja aambiwe ashuke.