Treni Inayopita Polepole kwa Babu

Harufu ya breki za treni siwezi kumweleza mtu ambaye hajaisikia. Ni chuma kilichoungua, ndani yake kuna mafuta mazito na vumbi la pumba. Treni ikisimama pale stesheni Ifakara na upepo ukaja upande wetu, harufu inaingia mpaka jikoni kwangu, nami nauacha mwiko umesimama kwenye sufuria. Wajukuu wanacheka, "Bibi ameshaondoka huyo." Kweli nimeondoka. Nimekaa kwenye benchi la mbao, nina mtoto mgongoni, na mama yangu ameshika dirisha kama mtu anayetaka kuling'oa.

Shule sikusoma sana, nitawaeleza hivyo hivyo ilivyokuwa.

Bibi yangu, mama yake mama, alikaa mbele kidogo ya stesheni ya Mbingu, karibu na kituo kidogo cha treni. Reli ilipokuwa inakuja, watu waliokuwa na makaburi njiani waliambiwa wahamishe. Wenzake wakahamisha. Bibi akagoma. "Mume wangu nimemlaza mwenyewe," alisema, "sitamfukua kama muhogo." Basi tuta la reli likapita, na babu akabaki chini yake. Tangu hapo bibi aliichukia treni kuliko nguruwe pori waliomlia mpunga. Akautangazia ukoo mzima: anayekuja kwangu aje kwa miguu yake, akija na treni asinipigie hodi.

Na alikuwa hatanii. Binamu yake mama alikwenda na treni amebeba samaki, akarudi na samaki wake.

Sasa mama akajifungua mtoto wa kiume, mpunga ukiwa unaiva. Kwetu mtoto hupewa jina la nyumbani na bibi mzaa mama. Bibi anampokea mikononi, anampulizia maji kifuani, anatamka jina. Kabla ya hapo mtoto ni kama mgeni, hajaamua kukaa. Huyu wetu kanisani alishabatizwa Gasto, lakini nyumbani alikuwa anaitwa "huyo." Mlete huyo. Mfunike huyo. Na huyo alikuwa analia mpaka majirani wakaanza kusema chini chini kwamba mtoto asiye na jina hapati usingizi. Mama alikuwa amezika mmoja kabla yake, bila jina. Hakuwa tayari kuzika mwingine.

Kutembea hakuweza. Mguu wake ulivimba tangu uzazi, ukibonyeza unabaki shimo. Na muda hatukuwa nao. Mpunga ukiiva sisi wote tunahamia shamba, tunakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, tunapiga madebe kufukuza ndege kuanzia jua linapochomoza. Ukiacha shamba bila mtu, unavuna majani. Shangazi Tekla, dada yake baba, alikubali kutushikia siku moja.

"Moja," alisema. "Msiporudi jioni, nawakaribisha ndege wale mpunga, na mboga nawapikia."

Kwa hiyo ilikuwa lazima treni, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Baba na mama wakaanza kugombania treni gani.

Zilikuwepo mbili. Ya haraka, ambayo kituo cha bibi ilikuwa haikijui, inapitiliza mpaka Mlimba. Na ya vituo vyote, ambayo sisi tuliiita Sombasomba kwa sababu ilisomba kila kitu: kuku, mikungu ya ndizi, kambale wakavu, walevi. Baba alitaka ya haraka, na alikuwa na mpango.

"Mama Adela, tutumie akili," alisema. "Ya haraka inampita mama yako kama upepo, hawezi kuona sura ya mtu. Tunashuka Mlimba. Tunadandia lori la mpunga linalorudi huku, linatuacha karibu, tunatembea kidogo na vumbi tunajipaka miguuni. Hodi, mama mkwe! Nani atajua?"

"Vumbi la kujipaka?" mama akauliza.

"Vumbi ni vumbi."

"Mimi napanda Sombasomba. Nashuka kwa mama yangu mchana kweupe."

"Atakufukuza."

"Ni kwake. Afukuze."

Mimi nilikuwa upande wa baba. Nilisikia ya haraka ina viti laini na soda inapita mpaka ulipokaa. Nikachomekea, "Hata mimi naona ya haraka ni nzuri." Mama hakunitazama. "Wewe kazi yako kubeba mtoto," akasema, na shauri likaishia hapo.

Tukapanda Sombasomba. Nilibanwa kati ya gunia la chumvi na mzee mmoja mwenye jogoo mapajani, jogoo ananitazama kwa jicho moja kama ananidai. Huyo analia mgongoni. Kila kituo tunasimama, watu wanarushiana mizigo dirishani na matusi ya mapenzi. Baba alikuwa amenuna. Kila tukisimama anasema, "Ya haraka ingekuwa ilishafika."

Tulipopita Mbingu treni ikaanza kupunguza mwendo, inajikokota, breki zinalia. Mama akasimama na mguu wake ule.

"Simameni."

"Kituo bado," baba akasema.

"Simama, baba Adela. Vua kofia."

Alivyosema, hata ningekuwa mkuu wa treni ningesimama. Abiria wakadhani tumefika, wakaanza kukurupukia mizigo, mmoja akapiga kelele, "Kaeni nyie, bado!" Mama akachukua kibuyu cha maji, akamwaga kidogo nje ya dirisha, juu ya kokoto zinazopita chini yetu.

"Shikamoo baba," akasema. "Ni mimi. Huyu Adela unamjua. Huyu ndiye mpya."

Akanigusa bega. Nami nikaziamkia kokoto, "Shikamoo babu." Mzee wa jogoo naye akasimama, akavua kofia yake, sijui alidhani kuna nini.

Bibi tulimkuta uani anatwanga. Alikuwa ameisikia treni, ametuona tunatoka upande wa kituo. Mama akapiga hodi. Mchi ukaendelea, du, du, du. Akapiga tena. Du, du, du. Basi mama akakaa chini pale pale pembeni ya ua, akanyoosha mguu wake. Baba akachuchumaa mbali, maana mkwe hasogei mpaka aitwe. Mimi nikabaki nimesimama katikati na mtoto anayelia.

Jua likapanda, likaanza kushuka. Hakuna aliyetukaribisha, hakuna aliyetufukuza. Sombasomba ingerudi kutoka Mlimba alasiri, na ndiyo hiyo tu. Baba akaanza kuhangaika.

"Mama Adela, twende. Tutakuja siku nyingine."

"Nitakaa."

"Na treni?"

"Ipite."

"Na ndege?"

"Wale."

Nilimtazama mama yangu nikaogopa. Mpunga ule ndio ulikuwa chakula chetu na nguo zetu za mwaka mzima.

Ndipo bibi akasema, bila kuacha kutwanga, na hakusema na mama. Alisema na mimi.

"Wewe binti. Mmekuja na nini?"

"Na treni, bibi." Baba akafumba macho.

"Mmempita babu yako mmekaa?"

"Hapana. Tulisimama."

Mchi ukabaki juu. "Nani aliwasimamisha?"

"Mama. Baba akavua kofia. Mama akammwagia babu maji, akamwonyesha mtoto. Nami nikamwamkia."

"Na watu wengine wale?"

"Mzee mmoja mwenye jogoo alisimama."

Bibi akauegemeza mchi ukutani polepole, akajifuta mikono kwenye kanga. "Kila siku naisikia inapita," akasema. "Watu wote wale. Hakuna anayemwamkia." Kisha akanyoosha mikono. "Lete."

Nikamfungua mtoto. Bibi akapiga funda la maji, akampulizia kifuani. Huyo akashtuka, akapiga chafya, akanyamaza, anamkodolea macho. Bibi akampa jina la mumewe. Akalitamka kwa sauti, huku ameelekea kwenye tuta. Mama akalia, mara ya kwanza kumwona analia tangu tumzike yule mwingine.

"Na wewe mkwe," bibi akamgeukia baba, "kofia ulivua kweli?"

"Nilivua, mama."

"Ungekaa nayo, ningekurudisha Ifakara kwa miguu."

Tulikimbilia treni na wali wa moto umefungwa kwenye majani ya mgomba, baba amembeba mama mgongoni, watu wanatushangilia madirishani. Mdogo wangu yule leo ana wajukuu.

Siku zile nilidhani bibi ana chuki na treni tu. Mpaka nilipozika mume wangu mwenyewe ndipo nilipomwelewa. Yeye ndiye aliyekataa kumhamisha babu. Kila treni iliyopita ilikuwa inamuuliza kama alifanya sawa, na kumfukua haikuwezekana tena.

Mama alipozeeka nilimuuliza kwa nini siku ile alikaa kimya, mpunga unakaribia kuliwa, mtoto analia, wakati neno moja, kwamba tulimwamkia babu, lingetosha. Alinitazama kama ananihurumia.

"Ningesema mimi, angesikia mtoto anayetaka kusamehewa," alisema. "Nilikuwa nangoja amuulizie mumewe. Alikuwa hajamtaja jina tangu reli ije."