Dakika Nne Mlangoni

"Miezi minane, wifi. Mtu akiazima stendi miezi minane, huko si kuazima tena. Huko ni kuoa, na mahari sijaiona."

Aliyesema hayo alikuwa Mama Pasipoti, amesimama kwenye mlango wa studio yake, Jumatatu alasiri. Aliyeambiwa alikuwa dada wa mume wake, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, begi la kamera begani na stendi yenyewe, ile ya miguu mitatu ya kuwekea kamera, ameibana kwapani.

"Leo naitumia, Ijumaa nakurudishia," wifi akajibu.

"Ijumaa ya mwaka gani?"

"Hii hii. Weka alama kwenye kalenda kabisa."

"Kalenda yangu imejaa alama zako. Hata siku za kuzaliwa za wanangu hazionekani."

Wifi akacheka, akavuka barabara. Na hicho ndicho kilichomuudhi zaidi Mama Pasipoti. Unamtolea mtu maneno uliyoyanoa tangu asubuhi, yeye anacheka.

Jina la Mama Pasipoti alipewa na mtaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga picha ndogo za vitambulisho katika chumba kimoja chenye kiti kimoja, pazia jeupe na kioo cha kujitazamia kilichopasuka pembeni. Kidevu juu, bega la kushoto chini, usicheke. Maneno hayo aliyasema mara nyingi kwa siku kuliko alivyowasalimia watoto wake. Sura za mtaa mzima zilipita kwenye kamera yake, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba masikio yake yamekatwa.

Wifi alikuja kwake hajui hata kamera inashikwa upande gani. Mama Pasipoti akamfundisha: mwanga unatoka wapi, mkono unatulia vipi, mteja mwenye haya anachekeshwa vipi kisha ananyamazishwa. Mwaka mmoja tu, mwanafunzi akaanza mambo yake. Akanunua filta nyeusi, kioo cheusi tii kinachofungwa mbele ya lenzi, ukitazama kupitia hicho hata jua linaonekana kama shilingi chakavu. Kioo hicho kinaifanya kamera ifumbue jicho kwa dakika kadhaa badala ya kupepesa. Katika dakika hizo mawingu yanajivuta kama pamba inayochambuliwa, na magari na watu wanaopita wanapotea kabisa, barabara inabaki tupu kama imefagiliwa. Halafu anakaa mbele ya kompyuta siku mbili, anasawazisha rangi, ananyoosha majengo yaliyoinama, anafuta nyaya na madoa.

"Picha ya kupikwa," Mama Pasipoti alikuwa akisema. "Mimi nauza mbichi."

Lakini moja ya hizo za kupikwa ilikuwa imetundikwa kwenye kliniki ya meno mwisho wa mtaa. Ilikuwa ya daraja la waenda kwa miguu, imesafishwa kwenye karatasi kubwa kama mlango. Wateja wakakaa kwenye kiti cha Mama Pasipoti, kidevu juu, bega chini, wakauliza: "Ile ya kliniki ni kazi yako, mama?" Akajibu si yake. Mara ya kwanza alijibu vizuri. Mara ya kumi na moja alimpiga mteja picha akiwa amefumba macho, akamwambia hiyo ndiyo sura yake.

Miezi minane nyuma, wifi alipokuja kuazima stendi, Mama Pasipoti alimpa upesi upesi. Hakumwambia kwamba mguu wa kushoto haukazi, unateleza taratibu kama mtu anayesinzia. Ukimuuliza, angekuambia alisahau.

Na sasa kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Meneja wa jengo jipya la soko, lile refu linaloonekana mwisho wa barabara, alitaka picha moja ya mtaa ya kuweka ukutani kwenye lango kuu. Aliwaambia wote wawili: leteni Ijumaa, nitachagua moja. Mama Pasipoti alipiga hesabu. Yeye ana miaka kumi na tisa mtaani. Kama jina litakaloandikwa chini ya picha ile litakuwa la wifi, kila mtu atakayeingia kununua kitunguu atajua nani mpigapicha wa mtaa, na nani wa vitambulisho.

Kwa hiyo Jumatatu ile hakurudi ndani. Aliegemea fremu ya mlango, mkono kiunoni, akamkazia macho.

Wifi alipanda kwenye ukingo wa zege katikati ya barabara, akafungua stendi. Mama Pasipoti akangoja mguu wa kushoto uteleze. Haukuteleza. Wifi akalenga jengo la soko bila filta kwanza, akahakikisha linaonekana kali, akaifunga lenzi isisogee. Ndipo akaweka kioo cheusi. Akatoa kitambaa kizito, akafunika tundu la nyuma la kuchungulia, mwanga usije ukaingia kwa mlango wa uani. Akabonyeza kitufe cha kwenye waya, akashuka, akasimama pembeni anatazama saa.

Dakika nne nzima magari yalipita, watu walipita, mkokoteni wa magodoro ulipita. Mama Pasipoti hakusogea hata unywele. Midomo tu ndiyo iliyofanya kazi, kwa sauti ya chini: "Tazama anavyojishaua. Kitambaa. Anaifunika kamera kama mtoto mchanga. Na stendi ni yangu. Ile picha nusu yake ni yangu."

Wifi akapiga tatu, akakunja vitu, akampungia mkono. Mama Pasipoti akajitia kusoma bango la bei zake mwenyewe.

Hakulala vizuri. Asubuhi, mumewe akiwa bado anavaa viatu, aliingia kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Mume ni fundi wa kuchomelea mageti. Kofia yake ya chuma ilining'inia kwenye msumari, na usoni ina kioo cheusi cha kuzuia mwanga wa cheche usimpofushe. Mama Pasipoti alikichomoa kioo, akakitazama juani. Jua likawa kama shilingi chakavu.

"Kumbe," akasema. "Watu wananunua vitu vilivyo uani kwao."

Alikifunga mbele ya lenzi kwa raba nne za kufungia noti. Stendi hakuwa nayo, na kumwomba wifi angekufa kwanza. Akabeba kigoda cha studio na mfuko wa mchanga, akapanda juu ya daraja la waenda kwa miguu, maana toka pale jengo la soko linaonekana lote. Akaiweka kamera juu ya mchanga, akabonyeza, akahesabu dakika nne kwa mdomo. Alipofika mia moja na kumi wakapita wanafunzi wanakimbia. Daraja likatetemeka chini ya nyayo zake kama godoro. Akaendelea kuhesabu.

Studioni alifungua picha kwenye kompyuta. Mtaa mzima ulikuwa wa kijani. Kijani cha maji ya bwawani, mpaka mawingu, kana kwamba watu wanaishi ndani ya chupa. Na jengo la soko lilikuwa mawili, moja nyuma ya jingine, limetikisika kama linacheza.

Siku nzima alihangaika. Akaondoa kijani, kikaja cha zambarau. Akaondoa zambarau, mtaa ukapauka. Mwishowe akaiondoa rangi yote, ikawa nyeusi na nyeupe, na kwa kweli mawingu yalipendeza. Mawingu yalikuwa ya kweli, yamejivuta vile vile. Jengo tu ndilo lililobaki mawili. Akafinya macho mpaka majengo yakawa moja na nusu, akaisafisha picha hivyo hivyo, akaitia kwenye bahasha.

Mumewe alimkuta na bahasha hiyo mezani jioni.

"Mama, leo nimekaa bure. Kofia yangu haina jicho."

"Kitakuwa kimeanguka."

"Kimeanguka na kujifuta vumbi? Nimekikuta kwenye mkoba wako, kina raba nne."

Mama Pasipoti akapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"Si ungemwambia mdogo wangu akuonyeshe," mume akasema. "Wewe ulimfundisha. Naye hana hiyana."

"Mimi nifundishwe na niliyemfundisha? Baba, kula chakula."

"Nakula. Ila nyie wawili mnanichosha. Mambo yenu mengine nimeyachomelea nikanyamaza."

Mama Pasipoti hakuuliza mambo gani. Alidhani ni msemo tu.

Ijumaa walikutana kwenye ngazi za ofisi ya meneja, kila mmoja amejifanya hakumwona mwenzake mpaka mlangoni. Wifi alikuwa na picha yake kwenye kasha refu, na stendi kwapani kama alivyoahidi. Meneja, bwana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, akawakaribisha viti, akasema aanze dada.

Wifi akaikunjua mezani. Mama Pasipoti alikuwa amejiandaa kutoona kitu. Aliona. Barabara yao, ile ya moshi na honi, ilikuwa imelala kimya, hakuna gari hata moja. Mawingu yametoka nyuma ya jengo la soko yakaja mpaka juu ya paa zao kama mtu amekung'uta shuka. Nyaya zote zilikuwa zimefutwa, na rangi ilikuwa ile ile ya saa kumi alasiri wanayoijua. Roho ilimuuma. Ilimuuma kwa sababu ilikuwa nzuri na hakuwa na pa kuishika kwa ubaya.

"Hii ndiyo," meneja akasema. "Hii ndiyo niliyoitaka. Ila hapa pembeni kuna mtu. Huyu mama mlangoni. Mtaa wote mtupu, yeye kabaki anafanya nini? Nitolee huyu."

Mama Pasipoti akainama. Kulia, ndani ya fremu ya mlango mdogo, alikuwa amesimama mwanamke, mkono kiunoni, kitenge chake kinaonekana mpaka maua. Kila aliyetembea alipotea. Yeye hakusogea dakika nne, akabaki. Uso tu ulikuwa na ukungu, hasa chini ya pua.

"Huyo simtoi," wifi akasema.

"Dada, ni dakika mbili kwenye kompyuta. Umefuta nyaya zote hizo."

"Nyaya ni nyaya. Huyo ni mtu, na mlango ni wake, na kamera alinishikisha yeye. Ukimtaka atoke, basi bosi, picha usiichukue."

Akaanza kuikunja. Hakuwa anatania. Meneja akakuna kichwa, akageuka.

"Basi mama, nione yako."

Bahasha ilikuwa mapajani. Mama Pasipoti aliwaza upesi. Meneja hakuwa mtu wa kutambua jengo lililotikisika, angeona mawingu tu, na kulikuwa na misumari minne inayongoja ukutani kwenye lango kuu. Alikuwa amelitaka jambo hili mpaka likamnyima usingizi. Na sasa lilikuwa limewekwa mbele yake kama chai.

Akaibana bahasha kwapani.

"Yangu imetikisika," akasema. Maneno yalitoka kama jino linalong'olewa. "Chukua hiyo. Na huyo mama asifutwe, bosi. Ana miaka kumi na tisa kwenye mlango ule. Wewe na jengo lako mna miezi mitatu."

Meneja akaitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama tena picha.

"Kumbe ni wewe?"

"Ungeniona kidevu juu ungenijua."

"Basi abaki," meneja akasema, na akachukua kalamu mojawapo.

Wakashuka ngazi. Chini wifi akashindwa kujizuia.

"Wifi, nikuulize. Mwili wote umetulia kama sanamu. Mbona mdomo una ukungu?"

"Nilikuwa nasali."

"Dakika nne?"

"Una dhambi nyingi."

Wifi akacheka mpaka akaegemea ukuta, na safari hii Mama Pasipoti hakusonya. Wivu ulikuwa ungalipo, na alijua kila atakapokwenda sokoni utanyanyuka kidogo. Lakini ulikuwa umepata cha kutafuna.

"Haya, deni lako hili," wifi akasema, akampa stendi.

Mama Pasipoti akaifungua palepale, akaukandamiza mguu wa kushoto. Ulikuwa umekaza. Akainama, akaona pete nyembamba ya chuma, imezungushiwa na kuchomelewa kwa mkono aujuao.

"Nani kaitengeneza?"

"Kaka. Wiki ile ile uliyonipa. Kamera ilitaka kunianguka." Wifi akawa anatazama barabarani. "Alisema nisikuambie. Alisema labda ulisahau."

Mama Pasipoti akaikunja stendi mguu mmoja mmoja, polepole, akaifunga mkanda wake, akamrudishia.

"Sikusahau," akasema. "Kaa nayo. Mimi wateja wangu wanakaa kwenye kiti."

"Yaani niwe nayo kabisa?"

"Miezi minane mmekwisha kuzoeana. Twende, nina mtu wa vitambulisho saa tano."