Misumari ya Karani
Mume wangu alikuwa karani wa kiwanda cha nyuzi, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Balbu ikiungua nyumbani, mimi ndiye niliyepanda kwenye kiti. Kiwanda kikafungwa. Akazunguka na vyeti vyake mpaka soli zikaisha, na kila mlango jibu lilikuwa lile lile: tutakupigia. Wakupigie nini! Simu ilikaa kimya kama imefiwa.

Mdogo wangu, fundi wa kuezeka, ndiye aliyemwambia, "Shemeji, njoo tupande." Watu walimwita Paka kwa jinsi alivyotembea juu ya paa. Hakuwa na mke, na tangu mama yetu afariki yeye ndiye aliyeniletea unga bila kuombwa. Mimi nilicheka, jamani. Mwanaume wa arobaini na kitu, tumbo mbele, apande paa? Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu wangu alitakiwa apande.

Mwanzoni alikuwa akirudi viganja vimechubuka, shingo imebabuka, magoti hayakunjiki. Nikimkanda kwa maji ya chumvi, anauma shuka. Wenzake wakambandika jina Karani, wakamtania kwamba anapiga msumari kama anagonga muhuri. Paka hakumtania. Alimfundisha jambo moja, akalirudia kila asubuhi kabla hawajapanda ngazi.

"Shemeji, bati halibebi mtu. Mbao ndiyo inayobeba, na ukiwa juu mbao huioni. Kwa hiyo fuata mstari wa misumari. Penye msumari pana mbao chini yake. Kwingine kote ni hewa."

Mume wangu alilishika hilo. Chochote kilichopangwa kwa mstari alikielewa.

Ikaja kazi ya ghala. Mwenyewe bahili wa kutupwa: alibomoa banda lake la zamani, akataka mabati yale yale yaliyochoka yarudi juu. Sasa, bati kuukuu lina matundu ya misumari ya kwanza, na matundu hayo hayaangukii kwenye mbao mpya. Mafundi huyaziba kwa kitambaa kilichochovywa lami. Linabaki doa jeusi baya, lakini kila mtu analiona.

Kazi ya kuziba akapewa mume wangu, mabati yakiwa bado yamelazwa chini, Paka akiwa juu upande wa pili. Karani akatazama yale madoa, moyo ukamkataa. Uchafu gani huu? Akaacha lami. Akachukua misumari mifupi, akatia mmoja kwenye kila tundu, akaukunja kwa chini. Matundu hayavuji, na mstari umenyooka kama rula. Yeye na fundi mwingine wakayapandisha mabati na kuyapigilia. Alifurahi, maskini. Jioni ile alinieleza jinsi upande wake ulivyopendeza, nami nikamsifu.

Kesho yake Paka alibeba bati la kofia begani, akavuka kwenda kufunga kilele. Alitembea juu ya misumari, kama kawaida yake. Mstari wa kwanza ulikuwa na mbao. Wa pili ulikuwa wa mume wangu. Bati likakunjika, akashuka nalo mpaka kwenye sakafu ya saruji.

Roho ilibaki. Miguu ndiyo iliyokufa.

"Niliteleza, dada," aliniambia hospitali. "Umande."

Nikaamini. Tena nikamgombeza: Paka gani wewe unayeshindwa na umande! Nikamleta kwangu, nikamlaza chumba cha mbele. Mume wangu hakuwa akila. Kazini hakwenda. Nilidhani ni majonzi ya shemeji yake, na ndani yangu nilijiuliza sasa nani atatulisha.

Asubuhi moja nilikuwa nje nikichemsha maji ya kumwosha Paka. Niliporudi na beseni nikasikia mwanaume analia, nikasimama mlangoni.

"Shemeji, ile misumari niliipiga mimi," mume wangu alikuwa akisema. "Haikuwa na mbao. Nilitaka ipendeze."

"Najua," Paka akajibu. "Niliijua pale pale, ila mguu ulikuwa umeshashuka."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema, dada atakaa na wewe? Mimi sina cha kumletea tena. Kapande, shemeji. Na usimwambie."

Mungu ananiona, nilitaka kumrushia mume wangu lile beseni usoni. Ipendeze! Nilimchukia. Halafu akatoka, macho mekundu, nyundo mkononi, akanipita bila kunitazama, na nikamwonea huruma. Hiyo huruma iliniuma kuliko hasira.

Nikaingia. Paka alitabasamu kama mtu ambaye hajaongea na yeyote tangu kuche. Nami nikajifanya ndiyo kwanza nafika. Nikamkalisha, mgongo ukutani, nikamshusha miguu kitandani na kuitia kwenye beseni.

"Maji yako sawa, mdogo wangu?"

"Sawa kabisa, dada. Asante."

Nikaingiza mkono kutafuta sabuni, nikautoa mbio. Nilikuwa nimesahau kuyachanganya. Yalikuwa yanaunguza.