Taya la Bi Waridi

Tangu mumewe afariki, Bi Waridi wa Majengo alikuwa akisaga meno usingizini, hata kiungo cha taya kikavimba. Junaid wa duka la dawa alimpa vidonge vya kutuliza uvimbe.

“Meza ukishakula, mama. Kula vyakula laini, na kwa siku tano usiongee sana.”

“Niongee na nani, mwanangu? Na sufuria?”

Junaid alicheka. Bi Waridi naye alicheka, huku ameshika shavu.

Alilitii sharti hilo bila taabu, maana hakuna aliyebisha hodi. Siku ya sita aliweza kutafuna muhogo bila maumivu. Alijitanda kanga, akarudi dukani, akaketi kwenye benchi.

“Siku tano zimekwisha,” alisema. “Sasa naruhusiwa kuongea?”